Breki ya kutanua miguu: sukuma visigino, usikunje vidole

Kwa anayeanza mazoezi ya rola dabi (mchezo wa timu unaochezwa kwa viatu vya magurudumu) na breki hii bado inamgomea: usifikirie vidole, fikiria visigino. Tanua miguu kupita mabega, kaa chini kwanza kama unayetafuta kigoda, kisha sukuma visigino vyote viwili kwenda nje. Ukilazimisha vidole viingie ndani, miguu hufuatana navyo, magurudumu ya mbele yanagongana na unaanguka kifudifudi. Ukisukuma visigino, vidole vinageuka vyenyewe, na uzito wako unakandamiza kingo za ndani za magurudumu hadi yanakwaruza sakafu kwa ubavu. Huo mkwaruzo ndio breki. Ukiusikia, ongeza kukaa, na macho yabaki mbele.

Haitafanya kazi magoti yakinyooka. Hapo miguu inaendelea kutanuka tu bila kukupunguza mwendo. Magurudumu laini kwenye sakafu yenye mshiko mkali nayo hunasa na kurukaruka badala ya kuteleza, kwa hiyo hapo sukuma kidogokidogo, mara kadhaa. Na hakikisha pedi za magoti zimebana vizuri kabla hujaanza.