Jinsi ya kuchunguza asili ya mnyama wa hekaya: mfano wa ndege rukh

Mchunguze mnyama mmoja tu kwa wakati mmoja. Ukianza na "majoka" kwa jumla utapotea, kwa sababu joka la China na lile la Ulaya ni viumbe wawili walioitwa jina moja na watafsiri. Chukua karatasi, igawe safu nne: sifa, nani kaitaja, mwaka, mahali. Kila sifa ipewe mstari wake, hata kama zote zimetoka katika sentensi moja.

Sasa jaza safu hizo kwa rukh, ndege mkubwa mno wa hekaya za mabaharia. Marco Polo, msafiri wa Venice aliyesimulia safari zake mwaka 1298, anamtaja kama tai mkubwa kupindukia wa visiwa vya kusini mwa Madagaska, anayemnyanyua tembo na kumwachia aanguke apasuke. Baadhi ya nakala zinaongeza unyoya wake uliopelekwa kwa Kublai Khan, mtawala Mmongolia wa China. Visa vya baharia Sindbad katika Alfu Lela Ulela vinaleta yai jeupe mfano wa kuba. Hiyo tayari ni mistari minne: umbo la tai, tembo, unyoya, yai.

Ndipo utafute kiumbe halisi. Bukini, kama Waswahili wa zamani walivyoiita Madagaska, ilikuwa na Aepyornis, ndege aliyetoweka na kupewa jina la kisayansi mwaka 1851. Yai lake lina urefu wa takriban sentimita 30 na ujazo wa lita 8 hivi, karibu nusu ya ndoo kubwa ya maji.

Wengi hufunga daftari hapo, na ndilo kosa kubwa kuliko yote. Yai limejibu mstari wa yai, basi. Aepyornis hakuweza kuruka, seuze kubeba tembo. Mstari wa tembo upeleke India: katika Mahabharata, utenzi wa kale wa huko, ndege wa kimungu Garuda anaruka na tembo na kobe katika makucha yake, karne nyingi kabla ya Marco Polo. Unyoya nao huenda ulikuwa kuti la mwale, mti wa Bukini ambao kuti lake moja hufika mita kumi na zaidi. Kwa maoni yetu, hekaya ilisafiri na mabaharia ikiwa imeshakomaa, na mayai ya Bukini yakaipa ushahidi tu.

Kila unapopata mfanano, linganisha tarehe kabla ya kushangilia. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa China, akapokewa kama qilin, mnyama wa heri. Inavutia kusema qilin alizaliwa na twiga wetu. Lakini kumbukumbu za Wachina zinataja kukamatwa kwa qilin mwaka 481 KK, kwa hiyo twiga alivishwa jina lililokuwa likimngoja.

Kagua pia tafsiri. Neno la Kiebrania re'em, linalodhaniwa kuwa ng'ombe-mwitu, lilipoingia Kigiriki likawa "pembe-moja", na Biblia ya Kiingereza ya 1611 ikapata farasi wa pembe moja ambaye Waebrania hawakumwandika. Biblia ya Kiswahili, Union Version, iliandika nyati. Mtu angeweza kusaka mifupa ya farasi huyo wa pembe moja maisha yake yote, kumbe alizaliwa mezani kwa mtafsiri.