Vifaa vya kukwamulia gari: vifungwe wapi?

Tope jeusi la Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, likishika magurudumu, gari hukalia tumbo. Koleo lililolala chini ya mizigo ya siku tano halikusaidii hapo. Hivi ndivyo ninavyofunga vifaa kwenye Land Cruiser na Hilux za kwenda Kidepo, hifadhi ya wanyama ya huko.

1. Ndoano kwanza. Ingia chini ya gari. Kile kitanzi chembamba mbele ni cha kufungia gari lisitembee melini, usikivute. Unataka ndoano iliyokazwa kwenye chesisi kwa bolti mbili au zaidi. Kama haipo, nunua ya modeli yako na utumie matundu yaliyoachwa na kiwanda. Vichwa vya bolti viwe na alama ya uimara ya 8.8 au 10.9, bolti isiyo na alama mrudishie muuzaji. Mafundi wa Katwe, Kampala, ni hodari wa kuchomelea, ila hapa waombe waweke moto kando, maana joto hudhoofisha chuma cha chesisi. Na kile kichwa cha mviringo cha kuvutia trela usikifunge mkanda wa kukwamulia kamwe. Kikikatika hupasua kioo, na kimeshaua watu.

Shakli, yaani pingu ya chuma yenye pini inayounganisha mkanda na ndoano, ya 4.75T (uwezo wa tani 4.75) inatosha magari haya. Kaza pini hadi mwisho, kisha irudishe kidogo, isije ikagoma kufunguka.

2. Chagua upande. Uganda tunapita kushoto, na murram huinuka katikati. Gari likiteleza, mara nyingi hulalia mtaro wa kushoto. Kwa hiyo vibao vya kutandika chini ya magurudumu na koleo vikae kulia kwenye keria, au nyuma. Mwite aliye mfupi kuliko wote safarini avifungue akiwa amesimama chini. Akishindwa, shusha.

3. Jeki ndefu. Ina kilo 13 hivi, kwa hiyo ishikwe sehemu mbili, kwenye chuma, ikiwa na washa za mpira na nati za kujifunga. Ivishe mfuko wa turubai sehemu inayopanda. Paka mafuta mepesi. Grisi ikikutana na vumbi jekundu, jeki hugoma. Prado yenye bampa ya plastiki haina pa kuishikia, basi jeki hiyo iache nyumbani.

4. Mkanda na glavu viweke ndani, chini ya kiti. Jua hula nailoni.

5. Endesha kwenye murram mbovu kilomita 50, kisha kaza nati zote upya na uchore mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye bolti. Mstari ukipinda, nati imelegea.