Kabla ya Kumvisha Mgonjwa Miwani ya Uhalisia Pepe

Aliyepata kiharusi au anayeishi na ugonjwa wa Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo) anaweza kufanya mazoezi ya kusimama imara kwa kucheza michezo ya uhalisia pepe, yaani picha za kompyuta zinazoonekana kwenye skrini au ndani ya miwani inayofunika macho: anainama kudaka mpira asioweza kuushika, anainua mguu kuvuka kizuizi kilichopo machoni pake tu. Michezo hii ina manufaa, hasa ikiongezwa juu ya fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) ya kawaida, si ikichukua nafasi yake.

Kwanza mgonjwa apimwe bila mchezo wowote. Ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi na kuketi, huku muda ukihesabiwa. Mtaalamu anaweza kuongeza kipimo cha Berg cha uwezo wa kusimama bila kuyumba, chenye majaribio 14 na alama za juu 56. Usipokuwa na vipimo hivyo, pointi za mchezo zitakupotosha, kwani mtu hupanda ngazi za mchezo kwa kuuzoea tu, wakati miguu yake haijapata nguvu yoyote mpya.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni miwani yenyewe. Anayeivaa haoni sakafu, haoni kiti, wala mkono wako. Ili tusianguke, ubongo hutegemea macho, sikio la ndani na hisia za nyayo na viungo. Wagonjwa wengi wa neva, hisia za miguu zikififia, huyaegemea macho kupita kiasi. Picha ikisogea huku mwili umetulia, anayumba, au kichefuchefu kinampanda. Ndiyo maana nashauri kuanza na skrini ya kawaida, mgonjwa akiwa ameketi, na miwani ije baadaye kwa dakika chache tu. Afungwe mkanda wa kushikilia kiunoni, nawe usimame upande wake dhaifu, nyuma kidogo. Mwambie kabla ya kumgusa, maana mguso wa ghafla humshtua asiyekuona. Kubalianeni pia neno moja la kusimamisha mchezo papo hapo.

Uliza kama ana historia ya kifafa, kwa sababu mwanga unaomwekamweka unaweza kuamsha degedege. Akiwa nayo, daktari aamue kwanza. Mwenye Parkinson presha yake huweza kushuka anaposimama, hivyo ipimwe akiwa amelala, kisha baada ya kusimama, na mazoezi yapangwe saa ambayo levodopa, dawa yake ya Parkinson, inafanya kazi vizuri. Aliyepoteza uoni wa upande mmoja baada ya kiharusi hatakiona kinachotokea upande huo, basi mchezo urekebishwe. Mwenye multipo sklerosisi, ugonjwa unaoharibu neva za ubongo na uti wa mgongo, huzidiwa na joto. Chumba kiwe na ubaridi.

Waya, mazulia na viti vya ofisini vyenye magurudumu viondolewe.

Akimaliza, aketi mpaka kizunguzungu kiishe ndipo atembee. Akitaka kuendelea nyumbani, mtu wa kumshika awepo kila mara, na michezo ichaguliwe na mtaalamu wake wa fiziotherapia. Ile ya kusisimua inayouzwa kwa vijana wenye afya humtaka mchezaji ageuke kwa kasi ambayo mwili wa mgonjwa bado hauiwezi.