Kutenga seli moja moja iliyo hai kutoka kwenye uvimbe wa saratani

Seli za uvimbe mmoja hazifanani. Ukizipima zote kwa pamoja unapata wastani tu, na zile chache zinazostahimili dawa zinafichwa na wingi wa nyingine. Njia ninayoieleza hapa ni ya kuzimua, yaani kuongeza kimiminika hadi seli ziwe chache sana, kisha kuzigawa kwenye sahani ya maabara yenye vishimo vidogo.

Hatua ya 1. Katakata tishu vipande vidogo, uviloweke kwenye kolajenesi, kimeng'enya kinachovunja kolajeni inayoshikilia seli pamoja, kwa nyuzi joto 37 za Selsiasi. Kagua kwa hadubini mara kwa mara. Ukichelewa, kimeng'enya kinaanza kuua seli zenyewe.

Hatua ya 2. Chuja kwa chujio la mikromita 40, safisha, kisha weka kwenye barafu.

Hatua ya 3. Changanya tone na rangi ya tripani buluu, uhesabu mara moja. Seli iliyokufa hugeuka buluu kwa sababu utando wake umeharibika na kuruhusu rangi kuingia. Zilizokufa zikiwa nyingi, usiendelee.

Hatua ya 4. Hapa ndipo kazi ilipo. Wengi huzimua hadi wastani wa seli 1 kwa kishimo wakitumaini kila kishimo kitapata yake. Haiwi hivyo, maana seli huangukia vishimo kwa bahati. Kwa wastani wa 1, asilimia 37 ya vishimo hupata seli moja, lakini asilimia 26 hupata mbili au zaidi. Kwa wastani wa 0.5, vyenye moja ni asilimia 30, na vyenye zaidi hushuka hadi 9. Mimi huchagua 0.5: kishimo kitupu hakimdanganyi mtu, chenye seli mbili humdanganya. Kwa hiyo andaa seli 5 kwa mililita, uweke mikrolita 100 kila kishimo. Kwenye sahani ya vishimo 96 tumia vile 60 vya ndani. Vya pembezoni hukauka upesi, vijaze maji tasa.

Hatua ya 5. Seli zikishatua, kagua na piga picha kila kishimo siku hiyohiyo, hasa kingoni, ambako seli ya pili hujificha kivulini.

Hatua ya 6. Seli iliyo peke yake hufa kirahisi. Mwaka 1955 wanasayansi Puck na Marcus waliilea juu ya tabaka la seli zilizopigwa mionzi, zisizoweza kugawanyika tena lakini bado zinalisha. Unaweza pia kuongeza midia (kimiminika cha kulishia seli) iliyokwisha kutumiwa na seli zenye afya, ikiwa imechujwa.

Koloni, yaani vikundi vya seli zilizozaliana, zikitokea, rudi kwenye picha za kwanza. Yenye picha ya shaka itupe, hata kama imestawi kuliko zote.