Kufufua kichwa kidogo cha treni ya mvuke: mwongozo kwa wanaojitolea Dar es Salaam

Anayekabidhiwa kichwa chakavu cha treni ya mvuke hutamani kwanza kukipaka rangi. Tamaa hiyo izuiwe mapema, kwa kuwa rangi huficha yale ambayo mkaguzi anapaswa kuyaona, tena humaliza fedha ambazo boila, yaani chombo cha kuchemshia maji yawe mvuke, itazidai baadaye. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kikundi cha watu wanaojitolea hapa jijini, wenye ajira zao na familia zao, ambao wameagiza kichwa kidogo kutoka ng'ambo ili kivute mabehewa ya wageni katika reli fupi ya kumbukumbu. Unafuata mpangilio ambao sisi wenyewe tuliufikia kwa kukosea, nao unaitanguliza boila mbele ya kila kitu kingine.

Kichwa ninachokizungumzia ni cha reli yenye upana wa milimita 600, na uzito wake hauzidi tani kumi. Ni cha aina ambayo kampuni ya Orenstein & Koppel, iliyoanzishwa karibu na Berlin mwaka 1876, iliunda kwa wingi na kuiuza katika mashamba na machimbo ya nchi nyingi. Wazee waliokulia kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro wanazifahamu vizuri reli hizo nyembamba. Hapa Dar es Salaam, hata hivyo, upana huo una matokeo yake. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ina upana wa mita moja. Ya TAZARA ina milimita 1,067. Na ile ya kisasa, SGR, ina milimita 1,435. Kichwa cha milimita 600 hakiwezi kukanyaga hata moja kati ya hizo tatu, kwa hiyo kikundi kitalazimika kutandika njia yake chenyewe, na ni vyema ardhi ya njia hiyo, hata ikiwa ya mita mia tatu tu, ipatikane kwa maandishi kabla ya kulipia meli.

Mapokezi

Wakala wa forodha aulizwe mapema, mzigo ukiwa bado haujapakiwa. Vichwa vya treni vimo katika sura ya 86 ya jedwali la ushuru wa forodha, ilhali vitu vya kale vyenye umri unaozidi miaka 100 vina kifungu chao katika sura ya 97, na namba ya kiwandani iliyogongwa kwenye kibati cha mtengenezaji na kwenye vyuma vyenyewe ndiyo ushahidi mzuri kuliko yote wa umri huo. Ipigwe picha huko huko kinakotoka. Muuzaji atakiwe pia aondoe asbesto kabla ya kusafirisha, kwa maana maboila ya zamani yalivikwa asbesto ili joto lisipotee, na ikiwa koti la bati bado limefunika boila, chukulieni kwamba chini yake imo mpaka ipimwe na anayeijua. Hilo si jambo la kuvaa kitambaa puani na kukwangua.

Wakati wa kushusha, minyororo ya kreni ifungwe kwenye fremu, kamwe si kwenye dohani wala kwenye boila. Siku zile zile aalikwe mkaguzi wa OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambaye ndiye mwenye neno kuhusu boila, na LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, waandikiwe kuhusu njia na usalama wa abiria. Vikundi vingi huogopa kumwita mkaguzi mapema, vikidhani atawazuia. Sisi tulimwita tukiwa tumeshatumia fedha, akatuonyesha mambo mawili ambayo angetuambia bure miezi mitano nyuma.

Kufungua

Hakuna nati inayofunguliwa kabla ya picha. Kila sehemu ipigwe picha ikiwa mahali pake kutoka pande tatu, kisha ipewe namba, na namba iandikwe kwenye daftari pamoja na jina la aliyeifungua. Tuliwahi kuandika namba kwa kalamu ya wino kwenye mifuko ya plastiki. Masika yalipokuja, joto na unyevu wa pwani vikaifuta, na tukabaki na mifuko kumi na minane ya bolti zinazofanana kwa macho lakini zisizoingiliana. Tangu hapo tunakata makopo ya soda kuwa vibati vidogo, tunagonga namba kwa tindo za namba na kuvifunga kwa waya kwenye kila chuma. Kibati kimoja hakigharimu chochote, na kutu haikigusi.

Nyuzi za bolti nazo ziangaliwe kwa kipimo chake. Mtu hudhani kwamba mashine ya Mjerumani lazima iwe ya milimita, kumbe viwanda vya Ujerumani vya wakati ule vilitumia sana nyuzi za inchi za Whitworth, kipimo cha Waingereza. Fundi wa kukereza wa eneo la Gerezani akipewa bolti bila maelezo ataichonga kwa milimita, itaingia mizunguko miwili, itakwama, na mwenye spana ndefu ataimalizia kwa nguvu. Hapo tundu limeharibika.

Namba zilizogongwa kwenye vyuma zisomwe zote. Ukikuta fito za kuendeshea magurudumu za upande mmoja zina namba tofauti na ya fremu, ujue kichwa hicho kiliwahi kuazima viungo vya mwenzake, na vipimo vya upande huo visichukuliwe kuwa sawa na vya upande wa pili.

Boila

Kwa presha ya bar 12, ambayo ni ya kawaida kwa vichwa vya aina hii, maji yaliyo ndani ya boila huwa na joto la nyuzi 190 hivi za selsiasi. Chuma kikipasuka, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke hudai nafasi inayozidi ya maji yaliyouzaa kwa zaidi ya mara elfu moja. Ndiyo sababu hakuna kazi ya boila inayofanywa kwa kukisia.

Mirija ya moshi, ile inayopitisha moshi wa moto katikati ya maji, itolewe yote, hata inayoonekana nzima, kwa kuwa bila kuitoa huwezi kuona tumbo la boila. Ncha zake hukatwa ndani kidogo ya bamba la mirija, yaani lile linalozishika ncha hizo, mabaki hukunjwa kwa tindo ndogo bila kulikwaruza tundu, kisha mrija huvutwa kupitia chumba cha moshi. Baada ya hapo boila huoshwa kwa maji ya nguvu kupitia matundu yote ya kusafishia mpaka magamba ya chokaa yaishe, na unene wa bati hupimwa kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, kwa miraba iliyochorwa kwa chaki, hasa sehemu ya chini ambako matope hukaa na kuzunguka plagi za kusafishia. Vipimo hivyo vyote vipewe mkaguzi. Msimwonyeshe vilivyo vizuri pekee.

Kisha huja stei, yaani zile fito fupi zinazoushika ukuta wa chumba cha moto na ukuta wa nje wa boila visiachane. Stei iliyokatika haionekani kwa nje, lakini husikika. Tulibahatika kumpata mzee mstaafu aliyeanza kazi katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki kabla halijavunjika mwaka 1977. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nje ya mlango wa moto, akamwingiza ndani kijana mwembamba kuliko wote akiwa na nyundo nyepesi, akawa anasikiliza huku amefumba macho. Stei nzima hulia kwa sauti kali inayorudi. Iliyokatika hutoa sauti fupi, nzito, kama kugonga gunia.

"Rudia hiyo, mjukuu wangu," alisema kwenye safu ya tatu. Kijana akagonga. "Umesikia? Huyo alikwisha kufa zamani. Mtie chaki."

"Nimesikia, babu. Na huyu wa jirani?"

"Huyo anaumwa. Mtie chaki naye."

Tulipozitoa, ya kwanza ilikuwa imekatika kabisa na ya pili ilikuwa na ufa uliopita nusu. Siku hizi tunapendelea stei zilizotobolewa kitundu chembamba katikati, kwa sababu zikikatika, maji huchuruzika kupitia kitundu hicho na kutoa taarifa yenyewe.

Kuhusu kuchomelea, ushauri wangu ni mkali: asiguse boila mtu asiye na cheti cha kuchomelea vyombo vya presha, hata akiwa bingwa wa mageti na matangi. Tulimpa kazi fundi mmoja hodari, akaweka kiraka kilichopendeza macho. Mkaguzi akakiamuru kikatwe chote, na bati lililozunguka kiraka likaenda nalo. Fedha za kiraka kile zingetosha kununua nusu ya mirija mipya.

Boila ikishafungwa, hujaribiwa kwa maji kabla haijaona moto. Maji hayabanwi kwa urahisi kama mvuke, hivyo chuma kikishindwa huvuja tu bila kulipuka, mradi hewa yote imetolewa juu kabisa wakati wa kujaza. Valvu za usalama huondolewa na nafasi zake kuzibwa, pampu ya mkono hufungwa, na presha hupandishwa taratibu hadi kiwango alichoamuru mkaguzi, ambacho mara nyingi huwa mara moja na nusu ya presha ya kazi. Hakikisheni geji imelinganishwa na geji ya majaribio iliyothibitishwa. Mtu mmoja aandike presha kila baada ya dakika tano, wengine wapite na tochi na kitambaa kikavu kwenye kila kiungo.

Maji yenyewe nayo ni suala. Visima vingi vya jijini karibu na pwani vina chumvi, na chumvi ikipikwa kila siku hula bati na kuyafanya maji yatoe povu linalopanda hadi kwenye silinda. Maji ya mvua yaliyovunwa juu ya paa safi la karakana ni bora kuliko ya kisima, na matangi mawili yaliyojazwa masika yanaweza kukikidhi kichwa kidogo kwa safari nyingi za mwisho wa juma.

Mwendo na silinda

Huku ndiko wenye ujuzi wa magari hufurahi, wala hakuna mengi ya kuongeza. Silinda zipimwe katika sehemu tatu za urefu wake, kwa kuwa huliwa zaidi katikati. Ringi za pistoni zikerezwe upya. Bushi za fito zichongwe kwa bronzi na kuachiwa nafasi ndogo, maana bushi iliyobana sana huwaka moto na kuikwaruza pini. Oili ya silinda ni nzito na hutengenezwa kwa ajili ya mvuke. Oili ya injini ya gari huoshwa na mvuke mara moja, kwa hiyo isitumike humo, ingawa kwenye beringi za nje inafaa kwa dharura.

Moto wa kwanza

Siku hiyo wasiwepo wageni wala kamera za televisheni. Maji yajazwe hadi nusu ya kioo cha kuonyesha kimo cha maji, bomba za vioo vyote viwili zifunguliwe na kufungwa ili kuthibitisha kwamba maji hupanda na kushuka kwa uhuru, na plagi ya risasi iliyo juu ya chumba cha moto iwe mpya. Maji yakishuka chini ya paa la chumba hicho, chuma kitalainika, na ile risasi itakayoyeyuka ndiyo ulinzi wa mwisho. Dereva anayeitegemea asipewe kichwa.

Anzeni na kuni ndogo kavu, si makaa ya mawe. Moto uwe mdogo kwa muda wa saa sita hadi nane, kwa sababu mirija hupata joto haraka kuliko ganda la nje, na boila inayoharakishwa huchuruzika kwenye bamba la mirija. Presha ikifika bar moja, tembeeni mkizunguka kichwa mkisikiliza. Ikifika bar nne au tano, jaribuni injekta zote mbili, yaani vifaa vya kusukuma maji ndani ya boila, moja baada ya nyingine, mpaka kila moja iingize maji bila kusuasua. Isipofanya hivyo, moto utolewe na kazi iahirishwe. Ndipo muendelee hadi valvu za usalama zifunguke, mkaguzi akiwa amesimama karibu. Kwa makaa, yale ya mawe ya Ngaka, mkoani Ruvuma, yanaweza kujaribiwa baadaye kwa kiasi kidogo, lakini mchochea moto mgeni ajifunze kwa kuni kwanza, na dohani iwekewe wavu wa kuzuia cheche, kwani nyasi za kiangazi huwaka upesi.

Jioni moto utolewe, mlango wa hewa ufungwe, dohani ifunikwe, na boila iachwe ipoe yenyewe hadi kesho yake. Asimwagie mtu maji baridi kwa haraka ya kwenda nyumbani. Asubuhi fungueni chumba cha moshi na kumulika ncha za mirija kwa tochi. Mrija uliovuja huacha mchirizi mweupe wa chumvi chini yake. Michirizi ihesabiwe na nafasi zake zichorwe kwenye daftari la boila, mirija hiyo ipanuliwe kidogo kwa kipanuzi, na jaribio la moto lirudiwe Jumamosi inayofuata, kwa saa zile zile na maji yale yale, ili tofauti ionekane.