Unahamia High River, Alberta, Kanada? Uliza kwanza habari za mto

Wengi wetu tunafika High River kwa ajili ya kazi. Nje kidogo ya mji, upande wa kaskazini, kuna kiwanda cha nyama cha Cargill kilichofunguliwa 1989, na humo utakuta Wafilipino, Waethiopia, Wasudani na wengineo. Calgary haifiki mwendo wa saa nzima kwa gari, na ndiyo maana wapo wanaolala huko na kuchangia gari kila alfajiri. Ukiamua kuishi mjini penyewe, usisaini mkataba wa nyumba kabla ya kuujua mto Highwood.

Mto huo unashuka kwa kasi kutoka Milima ya Rocky, kisha unafika kwenye tambarare mji ulipo. Ardhi hapo ni bapa. Maji yakizidi, sehemu yake huacha mkondo na kukimbilia upande wa kusini, kuelekea mto mdogo uitwao Little Bow, na mji uko katikati ya njia hizo mbili. Wablackfoot, wenyeji wa asili wa eneo hili, walikuwa wakivuka mto mahali hapa tangu zamani. Walowezi nao wakapaita The Crossing, yaani kivukoni. Reli ilipofika 1892 mji ukashika mizizi papo hapo, bondeni. Stesheni ya zamani, jengo zuri la mawe, sasa ni makumbusho.

Tarehe 20 Juni 2013 mvua kubwa ilinyesha milimani wakati theluji bado inayeyuka. Wakazi wote, kama 13,000, wakaamriwa kuondoka. Mtaa wa Hampton Hills ulibaki na maji kwa wiki kadhaa. Nyumba za mitaa ya Wallaceville na Beachwood zilinunuliwa na serikali, kisha zikaondolewa. Aliyeishi karibu na Jangwani, Dar es Salaam, anaijua hadithi hii. Tofauti ni kwamba hapa baadaye zilijengwa kingo kubwa za udongo, na mji sasa una ulinzi wa kweli, ingawa kingo hazifuti haja ya kuuliza maswali.

Swali la kwanza: maji yaliingia nyumba hii 2013? Vyumba vya bei nafuu kwa kawaida ni besimenti, chini ya ardhi, na huko maji taka hupanda kupitia mabomba hata mto usipoonekana mlangoni. Nusa ukungu. Hakikisha dirisha linatosha mtu mzima kutokea. Amana ya nyumba Alberta haizidi kodi ya mwezi mmoja, na ukaguzi wa nyumba unapoingia ni lazima uandikwe. Dai nakala yako.

Pili, bima ya mwenye nyumba hailipi godoro wala televisheni yako. Kata bima ya mpangaji, na umuulize wakala kuhusu mafuriko ya juu ya ardhi na maji taka yanayorudi ndani. Mara nyingi ni nyongeza mbili tofauti, na bila kuzitaja hupewi.

Anayenunua nyumba asome hati ya kiwanja pamoja na mwanasheria, kwa sababu baada ya 2013 baadhi ya hati ziliwekewa tahadhari ya mafuriko. Angalia pia ramani za mafuriko za serikali ya jimbo. Ni bure mtandaoni. Kisha pakua programu ya simu ya Alberta Emergency Alert, inayotuma tahadhari za dharura, na ikifika Mei, pasipoti na vyeti vyako viweke ghorofa ya juu.