Jinsi ya Kuandaa Istilahi Sanifu za Kueleza Majengo na Nishati Yake

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wakaguzi wa nishati, wasimamizi wa majengo na watunza hifadhidata ambao wana majedwali mawili yaliyojazwa na watu wawili, na hawawezi kuyaunganisha. Mara nyingi vipimo vyote ni sahihi, ila mmoja ameandika "eneo" akimaanisha sakafu zote hadi ukingo wa nje wa kuta, na mwenzake amemaanisha vyumba vyenye kiyoyozi peke yake.

Hatua ya 1: Anza na kamusi iliyopo

Usibuni majina kabla ya kutazama yaliyokwisha kutungwa. Nchini Marekani ipo kamusi iitwayo BEDES, iliyotayarishwa na Lawrence Berkeley National Laboratory kwa ajili ya Wizara ya Nishati na kutolewa mwaka 2014. Kila istilahi ndani yake ina fasili, aina ya data na, panapohitajika, kizio au orodha ya thamani zinazokubalika. Mfumo wa BuildingSync, unaobeba taarifa za ukaguzi wa nishati katika faili za XML (muundo wa maandishi unaosomwa na kompyuta), umejengwa juu ya istilahi hizo. Ukiwa nje ya Marekani, kopa fasili na uache vizio.

Hatua ya 2: Tenganisha sehemu, sifa, thamani na kizio

Kisanduku kilichoandikwa "Paa R-30" kimebeba mambo matatu kwa pamoja: sehemu ya jengo, sifa yake (R, yaani ukinzani wa joto) na thamani, huku kizio kikiachwa msomaji akikisie. Katika vizio vya Marekani, R-30 ni sawa na takriban 5.3 tu katika vizio vya kimataifa, yaani mita ya mraba kelvini kwa wati. Weka kila jambo katika safu yake.

Hapo hapo, eleza kama unazungumzia ukinzani wa joto wa tabaka la kizuia joto pekee au upitishaji joto wa paa zima, ambao huitwa thamani ya U. Huwezi kuipata U ya paa kwa kugawanya 1 kwa R ya kizuia joto, kwa sababu mbao au vyuma vinavyopenya katika tabaka hilo, dari, na hewa iliyogusana na nyuso za paa, vyote vina mchango wake.

Hatua ya 3: Fasili eneo la sakafu

Hatua hii ndiyo ninayoipa muda mrefu kuliko zote, kwa kuwa eneo huwa kigawanyo cha karibu kila kiashiria kinachofuata. Chukua jengo lenye mita za mraba 1,000 kwa jumla, ambapo mita 800 hupozwa au kupashwa joto, na ambalo hutumia kilowati-saa 120,000 kwa mwaka. Ukigawanya kwa eneo lote unapata kilowati-saa 120 kwa mita ya mraba. Ukigawanya kwa eneo linalopozwa unapata 150. Jengo ni lile lile na mita ya nishati ni ile ile, lakini katika orodha ya ulinganisho litaonekana kuwa majengo mawili. Kwa hiyo andika "eneo la jumla la sakafu" na "eneo la sakafu linalopozwa au kupashwa joto" kama istilahi mbili kamili, na useme waziwazi kama maegesho ya chini ya ardhi, veranda na ngazi zimehesabiwa. Neno "eneo" likiwa peke yake lisiruhusiwe kabisa.

Hatua ya 4: Taja nishati ilipopimwa

Nishati iliyosomwa kwenye mita ya jengo hutofautiana na nishati ya chanzo, ambayo hujumlisha pia ile iliyopotea katika kuzalisha na kusafirisha umeme. Istilahi yako itaje aina ya nishati, mahali ilipopimwa, kizio na kipindi: kwa mfano, "umeme uliosomwa kwenye mita, kilowati-saa, kwa mwaka". Kama jengo lina paneli za jua, ongeza iwapo umeme wake umeondolewa katika hesabu. Jina litakuwa refu. Liache liwe refu.

Hatua ya 5: Funga orodha za thamani

Aina za ukuta, vioo na viyoyozi zichaguliwe katika orodha, zisiandikwe kwa mkono. Ongeza "Nyingine", "Hakuna" na "Haijulikani", na usikubali kisanduku kitupu: dari isiyo na kizuia joto na dari ambayo mkaguzi hakuifikia ni mambo mawili tofauti kabisa.

Hatua ya 6: Ijaribu

Wape watu wawili jengo moja walieleze bila kushauriana, kisha linganisha majibu kisanduku kwa kisanduku. Wanapotofautiana, rekebisha fasili kabla ya kumlaumu mjazaji. Marekebisho yakikamilika, ipe kamusi nambari ya toleo, na nambari hiyo iandikwe katika kila faili linaloitumia.